Mtindi uliokataa kuganda

Sufuria zilikuwa mbili, zimefunikwa kwa sahani kando ya jiko la kuni, jikoni kwa shangazi yangu huko Machame, mkoani Kilimanjaro. Moja ilikuwa na maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Nyingine ilikuwa na maziwa ya kununua kwa jirani, maana siku ile wageni tulikuwa wengi na ng'ombe mmoja asingetutosha.

Zote alizichemsha usiku, akaziacha zipoe mpaka zikawa vuguvugu. Akatia kila moja vijiko viwili vya mtindi wa jana, akafunika, tukaenda kulala.

Asubuhi sufuria ya kwanza ilikuwa imeganda vizuri, ukiinamisha inatikisika kama uji mzito. Ya pili ilikuwa maziwa vilevile tulivyoyaacha. Hayakuwa yameharibika wala hayakunuka. Yalikuwa yamekataa tu kuganda.

"Labda ni baridi, shangazi," nilisema. Baridi ya Machame mwezi wa Julai si ya mchezo.

"Baridi gani hiyo inayochagua sufuria, mwanangu?" akanijibu. Akajifunga kanga vizuri, akachukua fimbo yake. "Ng'ombe wa jirani amepigwa dawa. Twende tukamuulize."

Chuchu moja kati ya nne

Wanaoifahamu Machame wanajua hakuna mipaka mikubwa kati ya nyumba na nyumba. Unapita chini ya migomba, unaruka mfereji, unazunguka kahawa, tayari uko uani kwa mtu. Ng'ombe hawachungwi. Wanafugwa bandani, hatua chache kutoka jikoni, wanaletewa majani na migomba iliyokatwakatwa. Maziwa hapa tangu zamani ni mambo ya akina mama. Kule Nronga, Machame hiyohiyo, wanawake walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na ada za shule za watoto wengi zimetoka kwenye ndoo za asubuhi.

Jirani tulimkuta anafagia banda. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, shangazi alimweleza habari za sufuria. Jirani hakukataa wala hakukasirika. Alisema ng'ombe wake alipata ugonjwa wa kiwele, chuchu moja ikavimba na kutoa maziwa yenye mabonge. Akanunua mrija wa dawa dukani, akausukumia ndani ya chuchu ile. Maziwa ya chuchu hiyo alikuwa anayamwaga, na akatuonyesha mahali. Yale ya chuchu tatu zilizobaki ndiyo aliyotuuzia.

Alikuwa anaamini kabisa kwamba amefanya kazi safi. Na mimi, kama nisingeona ile sufuria, ningemwamini.

Lakini dawa haikai kwenye chuchu moja. Inapita kwenye damu ya ng'ombe na kuweza kufika kwenye chuchu nyingine. Ndiyo maana maelekezo ya dawa hizi yanataka maziwa ya kiwele chote yasitumike kwa idadi ya siku iliyoandikwa kwenye chupa au paketi. Muda huo unaitwa muda wa kusubiri. Kwa dawa nyingine ni siku tatu au nne, kwa nyingine ni wiki nzima au zaidi, kutegemea aina ya dawa na namna ilivyotolewa.

Mtindi ulikataa kuganda kwa sababu mtindi ni kazi ya bakteria. Wale bakteria wazuri waliomo kwenye vijiko viwili vya jana ndio wanaoligeuza ziwa kuwa mtindi. Dawa iliyobaki kwenye maziwa iliwaua kabla hawajaanza kazi. Kuchemsha hakukusaidia, kwa kuwa moto wa jikoni unaua vijidudu, lakini dawa nyingi za antibayotiki hauziondoi.

Shangazi hajasoma kemia, lakini miaka arobaini ya kugandisha mtindi imemfundisha. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa wanapima uzito wa maziwa kwa laktomita ili kujua kama yametiwa maji, na wanatumia spiriti kuona kama yameanza kuchacha. Vipimo hivyo viwili havioni antibayotiki. Kipo kipimo chake maalumu, ila ni cha gharama na hakipo kila kituo.

Kwa nini niliuliza sana

Nina sababu ya kuwa mwulizaji. Mwaka uliotangulia binti yangu wa miaka minne aliugua homa iliyokuwa inakuja na kuondoka. Ikagundulika ni maambukizi ya njia ya mkojo. Alipewa dawa, hakupona. Akapewa nyingine, akapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Mara ya tatu daktari aliagiza mkojo uoteshwe maabara, na majibu yalipokuja yalikuwa karatasi yenye orodha ya dawa, mbele ya kila dawa herufi. Herufi nyingi zilikuwa za kusema kwamba dawa hii haifanyi kazi kwa mdudu huyu.

Mdudu mwenyewe ni yule anayeitwa E. koli, anayeishi tumboni mwa watu na wanyama. Alipona kwa sindano za siku kadhaa, namshukuru Mungu. Sijui mdudu yule mtoto alimpata wapi, na sitamsingizia ng'ombe wala muuza maziwa. Lakini tangu siku hiyo neno "usugu" kwangu si neno la semina tena.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wetu wanaufupisha kuwa UVIDA, unatokea hivi. Ukinyunyiza dawa ya magugu nusu ya kipimo, magugu manyonge yanakufa, magumu yanabaki, na hayo magumu ndiyo yanayotoa mbegu za msimu ujao. Bakteria ni hivyohivyo, ila wao wana la ziada: bakteria sugu anaweza kumpa mwenzake vinasaba vya usugu, hata kama si wa aina moja. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Mwaka 2019, kwa makadirio ya watafiti, watu takribani milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu.

Kushuka kwenda tambarare

Kutoka Machame safari yetu iliendelea hadi Monduli, kwa familia ya rafiki niliyesoma naye. Ni barabara moja, lakini ukitazama dirishani unaona namna tatu za kuishi na ng'ombe.

Unaanza na migomba na ng'ombe wa bandani. Unashuka hadi Boma Ng'ombe, mji ambao jina lake linajieleza, na hewa inabadilika, vumbi linaanza. Mbele zaidi, ukikaribia Arusha, kuna mashamba ya mahindi, ng'ombe wawili watatu wamefungwa kamba kando ya nyumba, mbuzi, kuku. Ukiupita mji wa Arusha kuelekea magharibi nchi inafunguka, na makundi ya ng'ombe yanavuka barabara nyuma ya kijana mwenye shuka na fimbo.

Kabla ya kufika Arusha mjini tulipita Tengeru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Watafiti wa hapo, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington cha Marekani, waliifuata hasa njia hii tuliyopita. Walitembelea kaya za Wachagga, Waarusha na Wamasai wakiuliza habari za mifugo, dawa na maziwa.

Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu kaya 415, waliuliza nani anajichomea ng'ombe antibayotiki mwenyewe. Kwa Wamasai walikuwa asilimia 74, kwa Waarusha asilimia 21, kwa Wachagga asilimia 1. Waliuliza pia nani anasubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama ya mnyama aliyetibiwa. Wamasai waliosema wanasubiri walikuwa asilimia 7, Waarusha asilimia 72, Wachagga asilimia 96.

Niliposoma namba hizo nilimkumbuka jirani wa shangazi. Yeye angeulizwa, angejibu kwamba anasubiri, na asingekuwa anadanganya. Alisubiri kwa chuchu moja.

Monduli: daktari yuko mbali

Mama wa rafiki yangu alitupokea kwenye boma lao jioni, ng'ombe wanaporudi. "Takwenya," nilimsalimia kama nilivyofundishwa, akaitikia "Iko" huku akicheka matamshi yangu. Watoto wangu waliduwaa. Ndama walikuwa wanaingia hadi mlangoni.

Usiku tulikunywa chai ya maziwa iliyochemka. Lakini watoto wa pale walikunywa maziwa mabichi kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa mti wa oloirien, na walikuwa na afya njema, wanakimbia kuliko wangu. Sikuwa na la kumfundisha mama yule kuhusu ng'ombe. Anaweza kukutajia kila mmoja kwa rangi na ukoo wake.

Nilimwuliza kaka wa rafiki yangu wanavyotibu. Akatoa chupa ya oksitetrasaiklini iliyofungwa kwenye kitambaa, pamoja na sindano. "Daktari wa mifugo ni mmoja kwa vijiji vingi," alisema. "Mpaka afike, ng'ombe amekufa. Hii naipata mnadani."

Dozi anajuaje? Alisema anamwangalia ng'ombe ukubwa wake. Na akipata nafuu siku ya pili, dawa iliyobaki inawekwa kwa ajili ya mwingine. Nikamwuliza kuhusu maziwa. Alinitazama kwa mshangao. Kundi likiugua kwa pamoja, aliuliza, watoto wanywe nini wiki nzima?

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Ni rahisi kwa sisi wa mjini kusema "mwageni". Kwa familia ambayo maziwa ndiyo chakula, kumwaga maziwa ya wiki ni kuwanyima watoto chakula cha wiki.

Kilichowashangaza watafiti

Kwa namba zile za 2017 mtu angedhani habari imekwisha: anayetumia dawa ovyo ndiye mwenye wadudu sugu, anayetumia kwa adabu yuko salama. Watafiti walewale waliendelea. Mwaka 2020 walichapisha kazi kubwa zaidi, kaya 425, wakiwa wamekusanya zaidi ya bakteria 62,000 kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji.

Walikuta aina za usugu zinafanana kila mahali. Walipochunguza vinasaba vya E. koli hawakuona kwamba ng'ombe wana wa kwao na watu wana wa kwao. Ni walewale, wanahama. Na hawakuona ushahidi kwamba kaya inayotumia zaidi antibayotiki za mifugo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukutwa na bakteria sugu. Kilichohusiana sana na usugu ni mambo ya maisha ya kila siku yanayomsaidia bakteria kusafiri kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Hii haina maana kwamba dawa zitumike ovyo. Dawa ndizo zinazomchagua mdudu mgumu abaki. Lakini akishakuwepo, hahitaji dawa nyingine ili afike nyumbani kwako. Anahitaji mkono ambao haujanawa, ndoo iliyosuuzwa kwa maji ya mfereji, mtoto anayecheza kwenye samadi kisha anashika mkate, au kikombe cha maziwa mabichi.

Kwa mzazi, hapo ndipo kuna habari njema kidogo. Wewe na mimi hatuwezi kuongeza madaktari wa mifugo Monduli. Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, ukafuatiwa na wa pili unaoanzia 2023, na tuna haki ya kuuliza unafika lini kwenye maboma. Lakini mkono, ndoo na sufuria viko nyumbani kwetu leo.

Hatari mbili, dawa zake mbili

Nilichorudi nacho kutoka safari ile ni kutochanganya mambo mawili.

La kwanza ni bakteria walio hai ndani ya maziwa, wawe sugu au la. Hao dawa yao ni moto. Chemsha maziwa mpaka yapande na kububujika, kila siku, hata kama muuzaji ni ndugu yako na ng'ombe wake unamjua kwa jina. Moto huohuo unakuepusha na ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo navyo hupitia maziwa mabichi. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza ndipo ugandishe, kama shangazi. Ukishachemsha, usiyarudishe kwenye chombo kilekile kilichobeba maziwa mabichi kabla ya kukiosha kwa maji moto na sabuni.

La pili ni masalia ya dawa ndani ya maziwa. Hayo moto hauyawezi. Dawa yake ni kusubiri, na anayeweza kusubiri ni mfugaji. Wewe mnunuzi kazi yako ni kuuliza, na kuuliza kwa namna ambayo mtu anaweza kukujibu ukweli.

Ukifuga mwenyewe, hata ng'ombe mmoja, yapo mengine:

- Osha kiwele kwa maji safi na ukikaushe kabla ya kukamua, kila ng'ombe na kitambaa chake. Nawa mikono kabla na baada ya kukamua.
- Kamua matone ya kwanza kwenye chombo cha pembeni uone kama yana mabonge. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Weka banda kavu. Ugonjwa wa kiwele ukizuiwa, dawa hazihitajiki.
- Ng'ombe akiugua, mwite daktari au ofisa mifugo kabla ya kwenda dukani. Si kila ugonjwa unatibiwa kwa antibayotiki. Mwulize maswali mawili: dozi ni ya siku ngapi, na maziwa nisubiri siku ngapi? Andika tarehe ukutani.
- Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa usimpe ndama wala mbwa. Tumboni mwao dawa ile inaendelea kuwachagua wadudu wagumu. Mwaga shimoni, mbali na mfereji.
- Watoto wasile wakiwa bandani, na wanawe kwa sabuni wakitoka.

Na kwa watoto wetu wenyewe, sheria ni ileile ya ng'ombe: usinunue antibayotiki bila kupimwa, maliza dozi uliyoandikiwa, usiweke masalia kwa ajili ya mdogo wake. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Sisi tunaomcheka mfugaji anayekadiria dozi kwa macho, wangapi tuna nusu chupa ya dawa ya mtoto juu ya kabati?

Alichosema shangazi

Nirudi uani kwa jirani asubuhi ile. Baada ya maelezo kukawa kimya. Ng'ombe wake anatoa lita kumi kwa siku. Kusubiri siku tano ni lita hamsini za kumwaga, na ana mtoto sekondari. Alisema, akiangalia chini, kwamba hakuficha kwa ubaya. Aliogopa tu kwamba wateja wakisikia ng'ombe anaumwa watahamia kwa mwingine na hawatarudi.

Nilitegemea shangazi angegomba. Badala yake alimwambia hivi: "Ng'ombe akiumwa, niambie. Wiki hiyo nitachukua maziwa kwingine. Siku zikiisha, nitarudi kwako. Ukinificha nikagundua kwa mtindi wangu, sitarudi tena."

Jirani aliitikia. Wakati tunaondoka alitufuata hadi kwenye mfereji, akampa shangazi mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya wale wajukuu wageni.

Mwezi uliofuata nilimpigia shangazi simu kumsalimu. Aliniambia jirani alikuja mwenyewe wiki iliyopita kusema ng'ombe amechomwa sindano ya ndigana, asipelekewe ndoo mpaka Jumapili ijayo.

"Na Jumapili ukachukua?" nikauliza.

"Nimechukua lita tatu. Nimegandisha jana."

"Umeganda?"

"Umeganda," alisema. "Njoo na watoto."